Wakuu nimekabidhiwa fom siksi 58 niwaongoze kuomba vyuo, nianzie wapi?

Ticha wa Chemba:

Wakuu habari za humu, wakubwa wangu shikamooni. Naomba msaada tutani, maji yamenifika shingoni na sitaki kujifanya najua.

Mimi ni mwalimu wa sekondari moja huku wilaya ya Chemba, nafundisha jografia. Wiki iliyopita kwenye kikao mkuu kasimama akasema mwaka huu hataki kusikia mtoto amefaulu halafu kakosa chuo kwa sababu ya kutojua kuomba, akamaliza kusema akanitazama mimi. Sababu ni moja tu wakuu, mimi ndiye mwenye laptopu. Nikapigiwa makofi pale pale nikawa mwalimu wa ushauri.

Ninao 58. HGK (historia, jografia, Kiswahili) ndio wengi, CBG (kemia, baiolojia, jografia) wapo kumi na nane, waliobaki HGL (historia, jografia, Kiingereza). Mtihani wa taifa ni Mei yaani nina wiki sita hivi nikiwa nao mkononi, wakishamaliza wanatawanyika, wengine wanarudi kulinda mtama na kuvuna alizeti, wengine majina yao yanatoka Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, na matokeo yakitoka Julai wengi ndio wako kambini huko. Nikiwaita tena siwapati.

Halafu mimi nilivyoomba 2012 ilikuwa ule mfumo mmoja wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unaingia unapanga machaguo yako unalala, mfumo unakutupia chuo unabeba begi unaenda. Sasa hivi nasikia kila chuo unaomba kwake chenyewe, kuna awamu ya kwanza ya pili ya tatu, kuna kuthibitisha, kuna mkopo una mfumo wake mwingine. Nimejaribu kusoma usiku nimelala na laptopu kifuani.

Niwafungulie akaunti mimi mwenyewe wote 58 tuanze mapema? Wazazi wengi hapa simu zao ni vitochi. Na kuna binti mmoja wa CBG kila mapumziko ya chai yuko mlangoni kwangu anataka kuwa daktari, sijui nimwambieje. Na kuna kijana kaniuliza kuhusu Marekani, huyo nimemwambia ngoja kwanza.

Mzee wa Kauntabuku:

Mbukwenyi ticha. Pole na hongera kwa pamoja.

Nimeifanya hiyo kazi miaka tisa huko Manyoni kabla sijastaafu, na mimi walinipa kwa sababu kama yako, ila mimi nilikuwa na modemu ya intaneti. Nakwambia kitu kimoja uniamini, usiguse akaunti ya mtu. Kufungua akaunti ni dakika ishirini, mtandao ukiwa mzuri. Makaratasi ndiyo yanakula miezi.

Kesho asubuhi mwombe mkuu kipindi kimoja. Kila mtoto alete cheti cha kuzaliwa na matokeo yake ya fom foo, uviweke mezani kimoja huku kingine huku, msome herufi kwa herufi kama mnasahihisha imla. Utashangaa mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa Yohana, NECTA wa baraza la mitihani wanamjua kama John. Kwingine jina la babu limeingia katikati, kwingine limetoka. Mimi nilikuwa na binti huku anaitwa Elizabeth kule Elizabeti, herufi moja tu ndugu yangu, nilimpeleka mpaka kwa wakili kula kiapo na nauli nililipa mimi na sijarudishiwa mpaka leo (mama yake alinipa jogoo, sawa, tuseme nimerudishiwa). Ikiwa ni tofauti ya herufi kiapo mara nyingi kinasaidia, ikiwa ni jina jingine kabisa hapo kuna hati ya kubadili jina inabidi isajiliwe na hiyo ni safari ndefu, ndio maana nasema anza sasa.

Wasio na cheti kabisa utawapata, usidhani huku kwetu kila mtu anacho. Waende ofisi ya mkuu wa wilaya, RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, wako pale. Na kuwa na cheti haitoshi, Bodi ya Mikopo wanataka kiwe kimehakikiwa na RITA, uhakiki unaombwa mtandaoni, na kipindi cha maombi nchi nzima inakuwa imejipanga kwenye foleni hiyo hiyo. Anayehakiki Aprili analala usingizi.

Yatima sasa. Hapa naomba ukae nao mmoja mmoja tena kwa upole, usiulize mbele za watu. Mkopo unamwangalia yatima kwa jicho lake lakini unataka cheti cha kifo cha mzazi na chenyewe kihakikiwe. Huku vijijini mtu anazikwa kwa kibali cha mazishi, kile kikaratasi kinabaki kimekunjwa kwenye kitenge cha bibi miaka kumi, cheti cha kifo hakuna aliyekifuata. Nimeona mtoto yatima wa wazazi wote wawili anajazwa kwenye fomu kana kwamba baba yake yupo hai, kwa kukosa hicho cheti tu.

Nunua kauntabuku moja kubwa. Kila mtoto kurasa mbili. Andika jina kama lilivyo NECTA, index namba ya fom foo, na kama alirudia mtihani andika zote mbili na chora mstari chini ya ile atakayoitumia, maana index namba aliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo aombee mkopo, akichanganya mifumo haimtambui kama ni mtu mmoja. Andika simu ya mzazi, simu ya jirani mwenye simu janja, jina la mwenyekiti wa kijiji. Usicheke, huyo mwenyekiti atasaini fomu ya mkopo na wenyeviti wanasafiri.

Nitarudi kuhusu kuchagua kozi, sasa hivi naitwa kula.

Mama Wawili Nkuhungu:

Mwalimu mimi ni mzazi tu sina utaalamu, ila ngoja nikupe yaliyonikuta kuhusu hilo swali la kuwafungulia akaunti.

Binti yangu alimaliza fom siksi akaenda JKT, kambi mbali huko. Simu kule si kitu cha kushika muda unaotaka, mtoto anakupigia dakika mbili anahema "mama niombee chuo" imekatika. Matokeo yakatoka, divisheni ya pili. Mimi nauza mboga Sabasaba, hiyo kuomba chuo nilikuwa naisikia kwa watu. Nikafunga genge saa nane nikaenda steshenari moja hapa mjini siitaji, nikamkuta kijana anaandika kwa vidole viwili na foleni mpaka nje. Akaniuliza index namba, nikampa, jina, nikampa, akaniuliza imeli ya mtoto nikamwambia imeli ndo nini, akasema usijali mama nitaweka ya kwangu. Namba ya simu? Nikampa ya kwangu akasema hii laini haipokei vizuri nitaweka ya kwangu. Mimi nikaona kijana ana roho nzuri kweli. Nikalipa nikaondoka na kikaratasi.

Mwalimu, mtoto alichaguliwa vyuo viwili. Viwili! Na mtu akichaguliwa zaidi ya kimoja anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu. Ile namba ilienda wapi? Kwa kijana wa steshenari. Na kijana wa steshenari alikuwa ameshaacha kazi kaenda Geita kwenye madini, ile laini haipatikani. Niliambiwa na jirani siku moja kabla dirisha halijafungwa kwamba kuna kuthibitisha. Nikakimbia steshenari nikamkuta binti mwingine ananiambia mimi nimeanza Jumatatu mama.

Akaja kupata awamu ya pili, kozi ambayo hakuiota, sasa hivi yuko mwaka wa pili na anasema ameizoea. Sawa. Lakini mpaka leo nikipita ile steshenari tumbo linaniuma.

Kwa hiyo mwalimu wafundishe wafungue wenyewe, imeli yake, paswedi yake, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake au la mzazi wake ambaye habadilishi namba. Mtoto wa fom siksi ana akili ya kutosha hiyo.

Ticha wa Chemba:

Mama pole sana aisee, nimesoma nimenyamaza. Na mzee nashukuru, nimeshanunua kauntabuku, kwaya nne.

Basi akaunti sifungui. Nitawapeleka chumba cha kompyuta kumi kumi kila mtu afungue imeli yake. Kompyuta zinazowaka ni tatu lakini tutaenda hivyo hivyo.

Sasa mnisaidie kwenye kuchagua. Hawa watoto ukiwauliza unataka kusoma nini watu arobaini wanasema sheria. Nikiwauliza kwa nini wanacheka.

Kijana wa Kibaigwa:

Shikamoo ticha, shikamooni wakubwa wote. Mimi niko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka wa pili, nimemaliza HGE (historia, jografia, uchumi), nilikuwa mmoja wa hao wa kusema sheria kwa hiyo nacheka nikiwa najijua.

Ticha kuna kitabu TCU wanakitoa kila mwaka, mwongozo wa udahili, kipo kwenye tovuti yao bure, wa fom siksi na wa diploma tofauti. Watu wanakifungua wanaona majedwali wanafunga. Mimi nilikifunga. Kosa langu la kwanza hilo. Mle ndani kila kozi ya kila chuo imeandikwa masharti yake, pointi za chini, miaka, na nafasi ziko ngapi. Hiyo safu ya nafasi ndiyo madogo hawaiangalii kabisa. Kozi ya nafasi 50 chuo maarufu na kozi ile ile ya nafasi 200 chuo kingine si kitu kimoja kwa mtu mwenye pointi za katikati.

Kuhusu pointi, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Ili uingie digrii kwa ujumla unatakiwa uwe na prinsipo mbili, yaani masomo mawili makuu ya advansi uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4. Dogo anasikia hapo anasema basi mimi nina 7 naingia popote. Hapana. 4 ni ya kuruhusiwa kupanga foleni. Kozi zenye watu wengi wanachukua wa juu mpaka nafasi ziishe, kwa hiyo unaweza kuwa na sifa zote na usichaguliwe na wala hujaonewa.

Na kuna mtego ticha naomba uuangalie kwenye kauntabuku yako. HESABU YA FOM FOO. Kozi kibao za uchumi, uhasibu, takwimu, kompyuta, hata za mazingira nyingine, zimeandika kule chini kwamba kama huna hesabu ya advansi basi uwe umepata bamu (ile hesabu ndogo ya advansi, BAM) au uwe na alama fulani ya hesabu fom foo. Mtu anasoma nusu ya sentensi. Rafiki yangu tulimaliza naye alikuwa na pointi kunizidi mimi, hesabu fom foo alipata F, bamu akaikosa, aliomba kozi tatu zote za aina hiyo, awamu ya kwanza zote tatu akatoka patupu na hakujua kwa nini mpaka nilipomsomea ule mstari kwa sauti tukiwa tumekaa pale kwenye magunia sokoni Kibaigwa. Alinyamaza akasema "sasa F ya miaka miwili iliyopita inanifuata mpaka huku".

Mimi mwenyewe awamu ya kwanza niliomba chuo kimoja tu, Dar, sheria, basi. Nilikuwa najiamini vibaya. Nikakosa. Awamu ya pili nikakuta zilizobaki ndio hizo zilizobaki. Nikapata hapa UDOM, Chimwaga, kozi ninayoisoma, naipenda kwa sasa ila ningeiomba tangu mwanzo ningelala usingizi ule mwezi wa nane. Waambie waombe zaidi ya chuo kimoja, kila chuo fomu ni kama elfu kumi inauma lakini waweke kimoja cha ndoto, kingine cha uhakika, na cha uhakika wakichague kwa akili maana huenda ndicho watakachosoma miaka mitatu.

Na wasidharau vya hapa hapa. Mtu anatoka Chemba anakimbilia Dar kupanga chumba wakati Dodoma hapa kuna UDOM, Mtakatifu Yohana, chuo cha Mipango, CBE cha biashara, Hombolo kwa mambo ya serikali za mitaa. Nyumbani ni basi moja, unga unaletewa.

Mkopo nitaandika jioni nina tesiti.

Mzee wa Kauntabuku:

Kijana umeongea vizuri kuliko mimi. Naongeza moja dogo kwenye hiyo sheria ya watu arobaini. Mimi nilikuwa siwaulizi unataka kusoma nini. Nilikuwa nawauliza, ulipokuwa likizo ulimsaidia nani kazi gani ukasahau kula. Kuna mmoja akanijibu alikaa siku tatu na wapima viwanja kijijini kwao anawashikia futi. Yule hakuwa mwanasheria.

Tabibu Mdogo:

Mimi nijibu la yule binti wa CBG maana limenigusa.

Ticha usimzungushe mwambie ukweli leo. Udaktari wa binadamu digrii moja kwa moja kutoka fom siksi unataka fizikia, kemia na baiolojia za advansi. CBG haina fizikia. Hakuna chuo atakachoomba akaingia kwa hiyo kombi hata apate A zote. Mtu wa kumwambia hilo alitakiwa awepo siku anachagua kombi, hakuwepo, ndio hivyo.

Ila njia haijafungwa. Mimi ni tabibu, niko zahanati moja Mpwapwa, nimeingia kwa diploma. Diploma ya utabibu inaangalia fom foo, uwe umefaulu baiolojia kemia na fizikia pamoja na masomo mengine, miaka mitatu. Hizo ziko chini ya NACTVET, baraza la vyuo vya kati, si TCU, na kila mtu analichanganya hilo. Ukimaliza ukiwa na ufaulu mzuri unarudi kuomba digrii kwa kutumia diploma yako. Ni safari ndefu sikatai, lakini mimi sasa hivi nazalisha akina mama usiku na tochi ya simu mdomoni umeme ukikatika, wenzangu waliokwenda PCB (fizikia, kemia, baiolojia) tuliomaliza wote fom foo kuna wengine bado wanatafuta kazi.

Angalizo, vyuo vya afya vya kati viko vingi mno kama maduka ya vocha. Kabla hajalipa hata shilingi aangalie kwenye tovuti ya NACTVET kama chuo kimesajiliwa na kama hiyo kozi yenyewe imesajiliwa. Mdogo wangu mimi alilipa ada ya muhula mzima chuo fulani, baadaye ikaonekana kozi yao haikuwa na usajili. Sitaki kuongelea zaidi.

Mzee wa Kauntabuku:

Tabibu nakubaliana nawe nusu. Binti kasoma CBG miaka miwili, akipata alama nzuri usimrudishe diploma kana kwamba advansi haikuwepo. Kuna SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, mambo ya kilimo, lishe, wanyama, misitu, aangalie masharti ya kila moja. Wengi wanaosema udaktari wanachotaka hasa ni kutibu kitu, ng'ombe naye anaumwa.

Tabibu Mdogo:

Mzee kuna mtu anataka kutibu na kuna mtu anataka kutibu WATU. Mwacheni achague mwenyewe akiwa na taarifa zote mbili mezani. Mimi ningekasirika sana mtu angeniambia ng'ombe.

Mzee wa Kauntabuku:

Haya nimekubali bwana tabibu. Ticha mpe zote mbili.

Ng'ambo ya Pili:

Kuhusu yule wa Marekani usimkatishe tamaa ila usimdanganye pia. Nafundisha shule binafsi nimewasindikiza wawili, mmoja alipata mmoja alikosa.

Kule kalenda ni nyingine kabisa. Maombi mengi yanafungwa kati ya Novemba na Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba, yaani kijana alitakiwa kuwa anaomba akiwa ndani ya fom siksi, si baada ya matokeo. Wako amechelewa kwa mwaka huu, aombe vyuo vya hapa kama wenzake na ajipange kwa mzunguko unaofuata akitaka. Wengi wanatumia fomu moja ya Common App kwa vyuo vingi. Wanataka alama za shule za miaka yote, insha binafsi, na barua za walimu, na hapo ndio utafanya kazi ticha maana barua yetu ya kibongo "ni mwanafunzi mtiifu na mwenye bidii" kule haimsaidii, wanataka umwelezee huyu mtoto na si mwingine, umemwona akifanya nini.

Hela ndio swali lenyewe. Mikopo ya serikali yao si ya mgeni. Vyuo vinavyomchukua mgeni bila kujali uwezo wake wa kulipa halafu vikamfadhili mpaka mwisho ni vichache, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wamo, na unaweza kufikiria foleni yake. Ada ya kuomba unaweza kuomba usamehewe. Na MIT wanataka mtihani wa SAT au ACT. Asilipie wakala yeyote anayemwambia nafasi ipo.

Kijana wa Kibaigwa:

Tesiti imeisha, imeniisha mimi pia. Mkopo sasa.

Ticha, dirisha la Bodi lina tarehe zake halisubiri uchaguliwe chuo. Hapo ndipo wengi wanalala, wanasema ngoja nichaguliwe kwanza. Unaomba kwa index namba ya fom foo, unalipia elfu thelathini kwa kontrol namba, unajaza, unachapa fomu, halafu ndio ile kuzunguka. Saini yako, ya mdhamini na picha yake na kitambulisho chake, mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mhuri wake, wakili au hakimu. Halafu unaskani unapandisha. Ukikosa mhuri mmoja fomu inarudi ina dosari. Mimi ilirudi kwa sababu mhuri wa mwenyekiti wino ulikuwa umekauka ukatoka nusu mwezi, nikapanda bodaboda tena na chupa ya wino mfukoni nimenunua mwenyewe.

Kama familia iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, aseme na aweke namba zao, inasaidia. Kama alisoma shule binafsi kwa kufadhiliwa na mtu au shirika aombe barua ya ufadhili SASA kabla huyo mtu hajabadilisha simu, la sivyo mfumo unamwona mtoto wa tajiri. Wenye ufaulu wa juu wa sayansi kuna Samia Skolashipu pia, wa CBG waiangalie.

Na wajue hela ya Bodi ni mkopo jamani si zawadi, ukipata ajira inakatwa 15% ya mshahara.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mimi ni wiki za kwanza. Umepata mkopo, jina liko, unashangilia, unafika chuo na begi, bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, halijaingia. Mpaka usajiliwe, usaini, wiki zinaenda. Tulikuwa wanne chumba kimoja Ng'ong'ona tunakula mlenda mkavu aliotufungia bibi yake mwenzetu, mchana na usiku, siku kumi na moja. Nilikuwa siupendi mlenda. Waambie waende na hela ya mwezi mmoja na unga.

Mama Wawili Nkuhungu:

Mwanangu ungekuja hapa Nkuhungu ningekupa mchicha

Kijana wa Kibaigwa:

Mama naja hata kesho

Ticha wa Chemba:

Wakuu nawaletea mrejesho. Jana nimefanya ile ya kuweka vyeti mezani, nilidhani ni nusu saa, tumetoka saa moja jioni.

Kati ya 58 wenye cheti cha kuzaliwa mkononi ni 31. Majina yanayolingana vizuri na NECTA ni 22. Yatima nimekaa nao ofisini mmoja mmoja kama mzee alivyosema, wako saba, mwenye cheti cha kifo ni mmoja tu. Mwingine alitoa kibali cha mazishi kwenye daftari la jografia, kwenye daftari LANGU la jografia, amekitunza humo miaka miwili mimi nasahihisha ramani tu. Jumatatu mkuu ametoa gari la shule tunaenda nao kwa mkuu wa wilaya, na wazazi wanaokuja ni kumi na wawili mpaka sasa.

Binti wa CBG nimemwambia yote mawili. Hakulia, nilijiandaa alie. Aliniuliza tu "kwa hiyo fizikia yangu ya fom foo nina C, inatosha hiyo ya tabibu?" Nikamwambia tukaangalie pamoja. Ng'ombe hakutaka kusikia, mzee samahani. Lakini alisema lishe ataisoma kwanza aone ni nini.

Wa Marekani ameanza kuandika insha, ameniletea aya moja inayohusu punda wa baba yake. Ni nzuri kuliko nilivyotegemea.

Swali la mwisho, kuna kijana mmoja, mwanaume kabisa ana ndevu, cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa jinsia KE. Tumecheka darasa zima yeye mwenyewe akiwemo, halafu nikakumbuka nikanyamaza. Hapo naanzia wapi?

Mzee wa Kauntabuku:

Mweke gari la kwanza Jumatatu. Aje na baba yake, kadi ya kliniki kama ipo, na cheti cha shule ya msingi. Huyo marekebisho yanaanzia hapo hapo RITA wilayani. Na mwambie asikilaminishe hicho cheti.

Ticha wa Chemba:

Ameshakilaminisha mzee

Mzee wa Kauntabuku:

Eeh. Nipigie.